Mabenchi ya Uwanja wa Mizani

Wageni watakaofika kwetu katika sherehe za mwaka wa kumi wa Chama Kikuu wataonyeshwa ghala, mizani na lori. Mambo hayo yana kurasa zake katika kitabu hiki, na walioyaandika wanayajua kutupita sisi. Sisi tumepewa kuandika historia ya mabenchi 24 yaliyopangwa chini ya miarobaini, mbele ya mizani. Tulipopewa kazi hiyo baadhi ya wajumbe walicheka, na sisi pia tulicheka. Lakini tulipokwenda kufungua majalada ili tupate tarehe, tulikuta katika muhtasari wa Halmashauri wa mwaka 2017 maneno tuliyoyaandika kwa mkono wetu wenyewe, nayo si kweli. Tangu hapo hatukucheka tena.

Basi tuanze mbali kidogo, kwani benchi katika nchi hii si jambo geni.

Uwanda huu wa juu wa katikati ni nchi ya kukaa nje. Mvua hunyesha msimu mmoja tu, tangu Desemba hata Aprili, na kwa mwaka mzima haizidi sana milimita 600. Miezi iliyobaki ni ya jua na upepo. Nyumba ya asili ya Mgogo, yaani tembe, ina paa bapa la udongo lililo karibu na kichwa cha mtu, na ndani mwake mna giza. Ni mahali pa kulala na pa kuweka nafaka. Mashauri, mahari na pombe ya mtama, hayo yote yana mahali pake nje, penye kivuli.

Hata jina la watu wenyewe, kama wazee wengi wasimuliavyo, latokana na kukaa. Husemwa kwamba katika karne ya 19 Wanyamwezi waliopita na misafara ya pembe za ndovu kwenda pwani waliwakuta wenyeji wamekaa juu ya magogo, wakawaita watu wa magogo, na jina likashika. Marehemu Mathias Mnyampala, mzaliwa wa nchi hii, aliyetoa kitabu chake juu ya historia, mila na desturi za Wagogo mwaka 1954, ni mmoja wa waliotuhifadhia habari za zamani kwa maandishi. Sisi si wataalamu wa asili ya majina, na huenda watani wetu wametia chumvi. Walakini jambo moja katika hadithi hiyo lina maana. Wale waliokaa juu ya magogo hawakuwa wavivu. Kila msafara uliopita Ugogo ulitozwa hongo ya nguo na shanga kabla ya kuachiwa njia na maji, na Waingereza Burton na Speke, waliopita mwaka 1857, waliilipa kama wengine. Mashauri ya hongo yaliweza kuchukua siku nyingi. Mwenyeji alikuwa amekaa kivulini; mgeni, mwenye wapagazi wa kulisha, ndiye aliyekuwa na haraka. Tunamwomba msomaji alikumbuke jambo hili tutakapofika kwenye mizani.

Baada ya gogo ni kigoda. Kigoda cha asili huchongwa kwa tezo katika kipande kimoja cha mti, kalio na miguu pamoja, bila msumari wala gundi. Wazee wanachama wetu watuambia kwamba hapakuwa na duka la vigoda. Mtu alikwenda kwa mchongaji anayejulikana, akamweleza haja yake baada ya mavuno, kisha akarudi nyumbani kungoja. Kigoda kilikuja kilipokuwa tayari, na malipo yalikuwa mtama au kuku. Tulimwuliza mzee mmoja ilikuwaje mchongaji akichelewa. Akatutazama kama watu wasioelewa lugha, akajibu, "Alichelewa na nini? Mti ulikuwa bado."

Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, wakati wa Wajerumani. Waliitandika juu ya mataruma ya chuma, ambayo mchwa hawayali. Twalitaja hili kwa kuwa mchwa wataonekana tena katika habari hii. Baada ya reli viti vya mbao za kupasuliwa vikaenea mjini, na useremala wa randa na msumari ukafundishwa katika shule za misheni. Kisha, kati ya mwaka 1947 na 1951, ikaja ile kazi kubwa ya karanga pale Kongwa. Matrekta yaliburura minyororo na kung'oa pori, miti ikasukumwa ikawa matuta marefu, ikachomwa moto. Serikali ya Uingereza ilitumia pauni zipatazo milioni 36, na karanga zilizovunwa hazikulingana na fedha hizo hata kidogo. Kongwa sasa hulima alizeti na mahindi na kufuga ng'ombe, lakini miti mikubwa iliyochomwa katika miaka ile hatukuirithi.

Sasa twafika kwetu. Chama chetu Kikuu kiliandikishwa mwaka 2015, chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, kikiwa na vyama vya msingi vya wakulima wa zabibu, alizeti na ufuta. Tulikuwa na ghala la kukodi, mizani moja na uwanja mtupu wenye miarobaini minne. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, nayo ni mali isiyongoja. Ikikaa kreti juani tangu asubuhi hata saa tisa, uzito wapungua na punje za chini zapasuka. Mkulima alifika alfajiri, akapanga kreti zake kivulini, akasimama. Wanaume wengine waliegemea baiskeli au kukalia ndoo zilizopinduliwa. Akina mama walitandika kanga chini, wakakaa mavumbini pamoja na watoto. Ilipofika saa sita, mtu aliyesimama saa sita nzima hana nguvu ya kubishana bei na mtu yeyote. Walanguzi walilijua jambo hilo vizuri. Waliegesha pikapu zao ng'ambo ya barabara, nao wakakaa ndani yake. Kila siku ya mizani tuliona kreti zikivuka barabara, na tulilaumu tamaa ya wakulima. Hatukutazama miguu yao.

Katika mwaka ule wa kwanza tulinunua viti vya plastiki. Havihitaji habari ndefu. Jua la Dodoma liliviparua, upepo wa Agosti ukavirusha hata kwenye uzio, na vilivyobaki vikaazimwa kwa harusi na misiba ya jirani, navyo havikurudi vyote. Kufikia mwanzo wa mwaka 2017 tulikuwa na viti 11 vyenye miguu minne kamili.

Ndipo Halmashauri ikaamua kununua mabenchi ya mbao, ya kukaa nje daima, mazito kiasi ambacho mtu mmoja hawezi kuyaazima. Kanuni zetu za manunuzi zadai bei tatu za ushindani. Bei mbili zilitoka katika maduka ya mjini, zimepigwa chapa katika karatasi zenye nembo. Ya tatu ilitoka kwa fundi wa kujitegemea aliyefanya kazi kando ya barabara ya Iringa, chini ya mwarobaini, akiwa na meza moja ya kazi, jiliwa, misumeno miwili, randa, patasi na keekee. Hakuwa na nembo. Aliandika bei yake nyuma ya karatasi ya msasa, kwa penseli ya kazi, na karatasi hiyo ingali katika jalada letu. Ukiipitisha kidole waikwaruza ngozi. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko zote. Hata hivyo tulimpunguzia robo nzima, tukajipongeza.

Yafaa msomaji ajue hali ya mwaka ule. Mnamo Julai 2016 Rais John Magufuli alikuwa ametangaza kwamba Serikali itahamia Dodoma, jambo lililoamuliwa tangu mwaka 1973 bila kutimizwa. Waziri Mkuu alihamia Septemba ya mwaka huo huo. Maofisi yakafunguliwa, nyumba zikapangishwa, na kila chumba kilitaka meza na viti. Karakana zenye mtaji zilinunua mbao kavu zilizopatikana, tena kwa wingi. Fundi wa kando ya barabara alibakiwa na mbao zilizoshushwa jana kutoka kwenye lori, ambazo ukizigusa mkono wapata ubaridi.

Tulipokwenda kumpa nusu ya fedha alituambia jambo hilo wazi. Maneno yake yalikuwa haya: "Bwana Katibu, mbao kavu sina. Mbao kavu yataka fedha ya mwaka jana. Mkinipa hadi mwisho wa kiangazi nitawapa benchi la kumrithisha mjukuu. Mkitaka kabla ya mkutano wenu, nitawapa benchi la mkutano." Tulimjibu kwamba tarehe ya Mkutano Mkuu imekwisha tangazwa, imebaki majuma sita, na kwamba yeye ni fundi, atajua la kufanya. Akanyamaza kidogo, kisha akapokea fedha. Alikuwa na watoto wawili waliotakiwa sare za shule.

Mabenchi 20 yalifika siku tatu kabla ya Mkutano. Yalikuwa ya mninga, yamepakwa vanishi, yaling'aa. Tulipiga picha, na picha hiyo imo katika taarifa ya mwaka 2017, ukurasa wa kwanza.

Mninga ni mti mwema, na yaliyotukia si kosa la mti. Kiini chake chekundu hakichezi sana kikauka, na mchwa hawakipendi. Lakini ule weupe unaozunguka kiini ni chakula cha wadudu, na ubao wowote ulio mbichi, ukiwekwa katika hewa kavu kama yetu, hujinyonga. Katika miezi miwili kalio za mabenchi zilikunjamana kama ganda lililoanguka. Misumari ikainua vichwa na kushika nguo. Sehemu nyeupe zikaanza kudondosha vumbi kama unga wa muhogo. Mvua za Desemba ziliponyesha, miguu iliyosimama udongoni ikaliwa na mchwa kutoka chini, bila kuonekana kwa juu. Kabla mwaka haujaisha, siku ya mizani, benchi moja likavunjika na mama mmoja mwanachama, mtu mzima, akaanguka akavunjika mkono. Chama kililipa hospitali. Mkono ulipona, ila haukunyooka vizuri, na tangu hapo kreti zake hubebwa na mwanawe.

Halmashauri ilikutana kwa hasira. Sisi ndio tulioshika kalamu, na tuliandika hivi: "Fundi ametudhulumu kwa makusudi kwa kutumia mbao mbovu. Asilipwe salio lake, wala asipewe kazi na chama chochote cha msingi." Nakala zilipelekwa kwa vyama vyote vya msingi, na baadhi yao walizibandika ukutani.

Fundi alikuja baada ya juma moja. Hakupaza sauti. Aliuliza kwanza habari za yule mama, akaliendea benchi lililovunjika, akaligeuza na kulitazama kila pembe. Kisha akaingia ofisini na kuomba asomewe muhtasari. Tulimsomea. Akauliza, "Na lile nililosema mimi, kwamba mbao ni mbichi, limeandikwa ukurasa gani?" Tulimjibu kwamba muhtasari ni wa maamuzi, si wa maneno ya kila mtu. Alishukuru akaenda zake.

Twaandika haya bila kujipamba. Wakati huo tuliamini kwamba tumelinda fedha ya wakulima, na katibu asiyelinda fedha ya wakulima ana kazi gani?

Mwaka 2018, Dodoma ilipopewa hadhi ya jiji mwezi wa Aprili, tulitumwa kutafuta mabenchi mengine. Tulikwenda katika karakana kubwa yenye mashine. Msimamizi wake alitupokea kwa heshima, akatupa bei ya benchi moja la mninga mkavu, nayo ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile tuliyomlipa fundi wetu, na muda wa kungoja ulikuwa miezi minne. Tulimwambia kwamba tulikwisha pata kwa nusu ya bei hiyo katika majuma sita. Akacheka sana, akatuuliza kama mabenchi hayo bado yapo.

Tuliporudi tulitafuta daftari la rasimu, lile tunaloandikia kwa haraka kabla ya kunakili muhtasari safi. Humo, katika tarehe ya malipo ya kwanza, tulikuta mwandiko wetu: "Fundi asema mbao mbichi. Ashauri tungoje kiangazi. Haiwezekani." Maneno manane. Tuliyasikia, tukayaandika, kisha tulipoandika nakala safi tukayaacha, kwa sababu yalionekana hayana kazi. Halmashauri iliyotoa hukumu haikuyaona kamwe. Mwenyekiti, tulipompelekea daftari lile, alilisoma mara mbili akiwa amesimama, akasema, "Katibu, nenda kwake wewe mwenyewe. Usimtume mtu."

Tulikwenda mwanzo wa mwaka 2019. Tulimkuta pale pale, akitengeneza vitanda. Tulichukua salio lake mkononi, tukampa, tukamwomba radhi. Alihesabu fedha, akatia mfukoni, akasema, "Mbukwenyi, karibuni mkae," akatuonyesha kigoda. Mpaka hapo tulikuwa tumesimama juani kama wakulima wetu.

Mapatano ya safari hii tuliyaandika pamoja naye, naye alishika kalamu nusu ya wakati. Ndiyo sehemu ambayo vyama vingine vimetuuliza mara nyingi, kwa hiyo tutaieleza kwa urefu.

Chama kilinunua mbao chenyewe. Fundi alichagua, sisi tukalipa. Tulikwenda naye katika viwanja vya mbao, akigeuza ubao mmoja mmoja na kukataa kila wenye weupe mwingi. Tulidai hati za mavuno na usafirishaji zinazotolewa na Wakala wa Huduma za Misitu, na alama ya nyundo ya msitu juu ya mbao zenyewe, kwani mninga huvunwa kwa leseni, na chama cha ushirika kinachokalia mti wa wizi hakina uso wa kumlaumu mlanguzi. Jambo hili lilimwondolea fundi mzigo wa mtaji. Ile fedha ya mwaka jana aliyoitaja ilikuwa sasa yetu, na tulikuwa nayo.

Mbao zilipangwa Mei 2019 katika baraza ya ghala, nje ya jua, kila safu ikitenganishwa na nyingine kwa vijiti ili upepo upite, na ncha zake zikapakwa rangi zisipasuke. Mafundi wengi huhesabu mwaka kwa kila inchi ya unene. Kiangazi cha Dodoma hufupisha hesabu hiyo, ila hakuna aliyejua kwa kiasi gani. Karani wetu wa mizani ndiye aliyetoa shauri. Alichukua mbao tatu, akaziandika namba kwa chaki, akazipima kila mwisho wa mwezi katika mizani ile ile ya zabibu, na kuingiza uzito katika daftari. Mwezi wa kwanza zilipungua sana. Mwezi wa pili zilipungua pia, kisha kidogo, kisha kidogo zaidi. Mwishoni mwa Oktoba uzito ulikuwa sawa na wa Septemba. Fundi aliitwa kuona daftari. Alisema kwamba katika miaka yake yote ya kazi alikuwa akipima ukavu wa mbao kwa kugonga na kusikiliza, na kwamba yeye na mizani wamekubaliana.

Alitengeneza kwanza benchi moja tu, nalo likakaa uwanjani majuma mawili ya mizani ili wanachama walikalie na kusema. Walisema mengi. Wazee walitaka mikono ya kushikilia wakati wa kuinuka. Akina mama walitaka kalio liwe chini zaidi na pana, mtoto aweze kulala kando, na uwazi uachwe chini yake wa kuingiza kikapu. Mmoja wao aliuliza kama mabenchi haya ni ya wanaume kwanza kama viti vya zamani, na Mwenyekiti akajibu mbele ya watu kwamba atakayefika kwanza ndiye atakayekaa. Tunafikiri jibu hilo lilikuwa na thamani kuliko mbao zote. Mjumbe mmoja alishauri tupake oili chafu dhidi ya mchwa, kama wengi wafanyavyo kwa nguzo za uzio. Akina mama wakakataa kwa sauti moja kwa sababu ya kanga zao. Basi yakapakwa mafuta ya linsidi, na kila mguu ukakalishwa juu ya kipande cha zege ili usiguse udongo.

Maungio yote ni ya ulimi na tundu, yamekazwa kwa vijiti vya mbao ngumu, bila msumari hata mmoja. Mbao za kalio zina nafasi ya upana wa kidole kati yake, maji ya mvua yapite. Mgongo umelala nyuma kidogo. Fundi alisema aliupata mlalo huo kwa kumkalisha baba yake mzazi juu ya ubao na kumwinamisha taratibu mpaka mzee alipoacha kulalamika.

Hapo tukumbuke habari tuliyoisoma ya nchi ya Marekani. Mwaka 1903 bwana mmoja aitwaye Thomas Lee, katika mji wa Westport, jimbo la New York, alikosa viti vya kukalia nje ya nyumba yake ya mapumziko. Aliunda kiti cha mbao kwa kujaribu mara nyingi, jamaa zake wakikikalia na kumpa maoni, kama wanachama wetu. Kisha akampa rafiki yake seremala, Harry Bunnell, kielelezo hicho ili apate kazi ya wakati wa baridi. Bunnell alikiandikisha serikalini kuwa mali yake mwaka 1905, akakitengeneza na kukiuza kwa miaka mingi. Kwetu swali hilo hilo lilizuka: kielelezo cha benchi ni cha nani, cha fundi aliyekichonga au cha wanachama waliokisahihisha? Mapatano yetu yasema ni cha wote wawili, na kwamba fundi ana ruhusa ya kumtengenezea mtu yeyote. Baadhi ya wajumbe hawakupendezwa. Leo mabenchi ya namna ile yapo katika zahanati mbili na uwanja wa shule moja tunazozifahamu, na hatuoni kwamba yetu yamepungua miguu.

Malipo yalikatwa mafungu manne: mbao zilipokauka, benchi la kwanza lilipokubaliwa, yote yalipofika, na fungu la mwisho baada ya mabenchi kupita msimu mmoja mzima wa mvua. Shida ilikuwa stakabadhi, kwani fundi hakuwa na kitabu. Tuliandika hati ya malipo kwa kila fungu, naye akatia sahihi mbele ya mwenyekiti wa mtaa wake. Mkaguzi wa hesabu aliuliza maswali mengi juu ya hati hizo, kama ilivyompasa, na kila swali lilipata karatasi yake. Tangu mwaka 2021 fundi ana kitabu cha stakabadhi na namba ya mlipa kodi. Asema kinamchosha kuliko randa.

Mabenchi yalikamilika Machi 2020, mwezi ule ule ugonjwa wa korona ulipoingia nchini. Benchi la watu wanne likakaliwa na wawili, mmoja kila ncha, na mizani haikusimama. Msimu wa mvua uliofuata ulipita, na Mei 2021 tukayageuza yote kutazama miguu. Mbao mbili za kalio zilikuwa zimepasuka nyuzi ndogo, fundi akazibadilisha bila malipo. Mchwa hawakuonekana. Siku hizi siku ya mizani watu hufika alfajiri, wakapanga kreti, wakakaa. Pikapu za ng'ambo bado huja, lakini sasa hao wenye pikapu ndio wanaovuka barabara kuja kuuliza bei yetu.

Baadhi ya wageni watakaokuja na treni ya umeme, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, watayakalia mabenchi hayo, na pengine wataulizia aliyeyatengeneza. Hapo ndipo tulipotambua kwamba, ingawa salio lililipwa mwaka 2019, muhtasari wa mwaka 2017 haukusahihishwa, wala zile nakala zilizopelekwa kwa vyama vya msingi hazikurudishwa. Katika chama kimoja tulikuta nakala ingali ukutani, imefifia, nyuma ya kalenda. Kwa miaka hiyo yote fundi hakupewa kazi na chama hicho, na hakutuambia.

Kwa ruhusa ya Halmashauri, maneno yafuatayo yameingizwa katika kitabu cha mihtasari na kupelekwa kwa vyama vyote vya msingi: "Fundi alimweleza Katibu kabla ya kazi kwamba mbao ni mbichi na kwamba muda hautoshi. Katibu hakuiarifu Halmashauri. Bei ilipunguzwa na muda ukafupishwa na Chama. Neno 'amedhulumu' limefutwa." Mama aliyevunjika mkono alisomewa maneno hayo kabla ya kutiwa sahihi. Alitaka jambo moja liongezwe, kwamba hospitali alipelekwa na fundi kwa pikipiki ya kukodi, kwani siku hiyo alikuwa amekuja kudai salio lake na alikuwa uwanjani benchi lilipovunjika. Hatukulijua hilo. Limeongezwa.

Chama cha msingi kilichokuwa na nakala ukutani kimeagiza mabenchi manane. Mbao zimekwisha nunuliwa, zimepangwa katika baraza ya ghala letu, na karani amekwisha ziandika namba kwa chaki.